Tiba ya taswira kwa wenye BPD: mtoto wa kwenye picha anaongea lugha gani?

BintiPangani aliuliza:

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni mnaostahili. Nina miaka 34, nimezaliwa Pangani, na huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Rotterdam, Uholanzi. Mwaka jana niliambiwa kwamba mambo yanayonisumbua tangu usichana, yaani hofu ya kuachwa inayonifanya nimpigie mtu simu mara ishirini ndani ya saa moja kisha nimtukane anapopokea, mikono niliyoijeruhi mwenyewe, na utupu ambao hata kwa Kiswahili sijui niuelezeje, yote yana jina moja: tatizo la haiba ya mpakani, ambalo madaktari hulifupisha BPD. Nimepangiwa tiba ya skima, yaani ile inayoshughulikia imani na hisia zilizojengeka ndani ya mtu tangu utotoni, vikao viwili kwa wiki, na sehemu kubwa ya tiba hiyo si mazungumzo bali ni kuiingia kumbukumbu ya utotoni kwa taswira na kuibadilisha mwisho wake.

Kikao cha kwanza cha namna hiyo kilikuwa Alhamisi iliyopita. Mtaalamu wangu, mama mmoja mpole wa Kiholanzi, aliniambia nifumbe macho, au nitazame tu sakafuni kama kufumba kunanitisha, kisha niifuate hofu niliyoamka nayo asubuhi ile mpaka inifikishe mahali nilipowahi kuihisi nikiwa mdogo. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilijikuta barazani kwa bibi, nina miaka sita, nimevaa gauni la njano lililokatika kifungo, na kiganjani nimefumbata sarafu ya shilingi 20 ambayo mama alinipa ninunue barafu ya ubuyu, huku akisema anafika mara moja hapo mbele na atarudi. Mama alikuwa anakwenda Maskati kufanya kazi za ndani, nami sikumwona tena kwa miaka minne. Barafu sikununua. Kwenye taswira ile niliusikia mpaka ukingo wa sarafu ukinibana kiganja.

Basi mtaalamu akaniomba ruhusa aingie kwenye picha, nikakubali. Akaja, akachutama mbele ya yule mtoto, akaanza kumfariji kwa Kiholanzi. Mtoto akabaki anaviangalia viatu vyake. Hakuelewa hata neno moja, na mimi niliyemo ndani yake sikuelewa pia, ingawa Kiholanzi ndicho ninachofanyia kazi kila siku. Kikao kikaishia hapo. Nilicheka, nikalia ndani ya tramu mpaka nyumbani, nikalala kwa muda wa saa 11 bila kugeuka.

Ninaomba kusikia kwa waliopitia tiba hii, au wanaoitoa. Je, uchovu huu ni wa kawaida? Je, kubadilisha mwisho wa jambo lililotokea si kujidanganya? Na kuna hili linaloniuma zaidi: nitamwekaje mama yangu kwenye kiti cha mshtakiwa, ilhali ada yangu ya shule ilitoka kwenye jasho lake la Maskati?

NesiWaZamu alijibu:

Pole dada, na hongera kwa kufika hapo ulipofika, kwa sababu wengi hutoroka kabla ya kikao hicho. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili nchini Ujerumani, na katika wodi yetu tiba ya skima ni sehemu ya kazi ya kila wiki, kwa hiyo nitaanza na lile ambalo pengine hukuelezwa vya kutosha.

Tiba ya skima ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Young, lakini kwa upande wa BPD sehemu kubwa ya utafiti imefanyika hukohuko uliko. Mwaka 1999 Arnoud Arntz na Anoek Weertman waliandika jinsi ya kuzifanyia kazi kumbukumbu za utotoni kwa hatua tatu: kwanza mgonjwa anaitazama picha kwa macho ya mtoto, pili anaingia kama mtu mzima na kuingilia kati, tatu anarudi tena kuwa mtoto, ili ahisi kilichofanywa na mtu mzima na aseme kama kinatosha au bado kuna anachohitaji. Hatua hii ya tatu ndiyo ambayo watu huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo tiba yenyewe. Kwa mwenye BPD, hata hivyo, mtaalamu ndiye huingia kwanza, kwa kuwa mara nyingi ule utu uzima wa ndani bado ni dhaifu, na ukimtuma mgonjwa amwokoe mtoto mapema mno ataungana na wanaomkaripia. Miezi kadhaa baadaye, mgonjwa hushika usukani mwenyewe.

Kuhusu kujidanganya: hakuna anayekuambia mama hakuondoka. Ukitoka kwenye kikao utajua vilevile kwamba aliondoka na kwamba ilikuwa miaka minne. Kinachobadilishwa ni maana ambayo mtoto aliibandika siku ile kwa akili ya miaka sita, labda kwamba aliachwa kwa sababu yeye ni mzigo, na maana hiyo haisikii hoja. Wagonjwa wetu hutuambia kila siku, "Najua kwamba si kosa langu, ila sihisi hivyo." Taswira hutumika kwa sababu huugusa moyo kuliko maneno matupu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na linawapunguzia hofu: hulazimiki kuipitia kumbukumbu mpaka kwenye baya lake kuu. Mtaalamu akishaona kwamba hisia zimeamka, anaweza kuingia kabla ya tukio lenyewe, kwa mfano mlango unapogongwa, na mwenye fimbo asifike kabisa kwa mtoto.

Na uchovu, ndiyo. Sisi huwashauri wasipange shughuli nzito jioni ya siku hiyo, wale chakula cha moto, na wasiendeshe gari mara tu wanapotoka.

KakaWaKilindini alijibu:

Dada yangu, mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi Uingereza, na tiba hii niliimaliza miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo nitasema nilivyoiona nikiwa kwenye kile kiti, kwa sababu ukiisoma vitabuni inaonekana laini kuliko ilivyo.

Vikao vitatu vya kwanza sikuona chochote. Nilifumba macho nikaona giza, kisha nikawaza kama nimezima jiko. Nilijihisi mjinga na nikamwambia mtaalamu wangu, mwanamume wa rika langu, kwamba kipaji hicho sina. Hakubishana nami. Aliniuliza tu mwili unahisi nini, nikamwambia koo limekaza, akasema tubaki na koo. Katika kikao cha nne koo lilinipeleka bwenini, kidato cha kwanza, usiku, nimesimama mbele ya kiranja na wenzangu wamejifunika mablanketi wakijifanya wamelala. Harufu ya blanketi la shule nilikuwa sijaikumbuka kwa miaka ishirini.

Kilichonishangaza si maumivu, maana hayo niliyatarajia, ni hasira. Mtaalamu alipoingia kwenye picha na kumwambia yule kiranja, kwa sauti ya kawaida tu, atoke nje na asirudi, nilitetemeka mpaka kiti kikalia. Hakuna mtu aliyewahi kunisemea. Baada ya hasira ikaja huzuni, na hiyo ilikaa karibu miezi miwili, kwa sababu ukishaonja ulichokosa ndipo unapojua kwamba ulikikosa. Usidanganywe kwamba utapanda tu bila kushuka. Katika miezi hiyo nilikuwa mbaya zaidi kuliko nilivyoanza, na mke wangu alitaka niache. Kilichonishikilia ni kwamba kila kikao kilirekodiwa kwenye simu yangu, nami nilikuwa nakisikiliza nikiwa kitandani, si kwa ajili ya maneno bali kwa ajili ya ile sauti ikimwambia kiranja atoke.

Mabadiliko yenyewe ni madogo ukiyatazama kwa nje. Zamani mke wangu akichelewa dakika kumi, hofu na matusi vilikuja kwa pamoja. Siku hizi hofu inakuja kwanza, kisha unapita muda, kama pumzi tatu hivi, kabla ya matusi, na ndani ya pumzi hizo huwa naamua jambo jingine. Sijapona kabisa. Lakini pumzi tatu ni nyingi.

Ila katika suala la lugha mimi nakwenda kinyume nawe. Tuliwahi kupata mkalimani aliyekuwa tayari, nami nikakataa. Kiswahili kilikuwa cha moto mno. Matusi niliyotukanwa bwenini, nikiyasema kwa Kiingereza yanapoa kidogo, na Kiingereza kwangu kilikuwa kama kile kitambaa cha kushikia sufuria: huwezi kuitoa jikoni bila hicho. Baadaye, mwishoni mwishoni, niliyasema kwa Kiswahili, na kufikia wakati ule niliweza.

MzeeWaNgamiani alijibu:

Wanangu, nimewasoma kwa makini ingawa mambo haya ni mapya kwangu, na nitasema bila kuficha kwamba yananitia wasiwasi. Mtu kufumba macho na kumkaribisha mgeni ndani ya kumbukumbu ya nyumbani kwao, kisha mgeni huyo amkemee mzazi, kwetu ni jambo zito. Radhi ya mama si mchezo.

Lakini binti wa Pangani amesema jambo ambalo limenifanya nisilale. Sisi wakubwa tulikuwa na desturi ya kumtoroka mtoto. Ukisafiri, unamtuma dukani au unampa kitu cha kuchezea, kisha unapita mlango wa nyuma, ili asilie na safari isiingie nuksi. Tuliona ni huruma. Mimi mwenyewe nilimtoroka mwanangu wa kwanza nilipokwenda kufanya kazi Mtwara, na mpaka leo ni mtu mzima, hapendi kunisindikiza hata kituo cha basi. Nauliza tu, mwanangu: kama picha hiyo inaweza kubadilishwa, ni lazima mama akemewe? Haiwezekani mama akapewa nafasi ya kuaga?

MshauriDar alijibu:

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanasaikolojia hapa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu swali lako ni bora kuliko mengi ninayoyasikia kwenye semina. Hapana, si lazima akemewe. Kanuni ya kazi hii ni mahitaji ya mtoto. Mtoto aliyepigwa anahitaji kwanza anayepiga azuiwe, na hapo mtaalamu hana budi kuwa mkali. Mtoto aliyetorokwa anahitaji kuambiwa ukweli, kukumbatiwa, na kujua atabaki na nani. Mama akiyatoa hayo kwenye taswira hajavunjiwa heshima. Naongeza kwamba wagonjwa wengi wa kwetu hukwama hapa kwa kudhani wanaombwa kuchagua kati ya mtoto na mzazi, wanamchagua mzazi, na mtoto anabaki barazani.

Dada BintiPangani, kuhusu lugha kuna jambo lililopimwa. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walichunguza watu wanaozungumza Kituruki kama lugha ya kwanza na Kiingereza kama ya pili, wakapima jinsi ngozi inavyotoa jasho mtu anaposikia maneno mbalimbali, na makaripio ya utotoni yaliamsha mwili zaidi yaliposemwa kwa Kituruki. Kwa hiyo wewe na kaka wa Kilindini mnasema kitu kilekile mkiwa pande mbili: lugha ya kwanza ina moto zaidi, na moto huo yeye aliuogopa, wewe unaukosa. Mwambie mtaalamu wako. Si lazima ajue Kiswahili. Wewe unaweza kusema na mtoto kwa Kiswahili kwa sauti, yeye akusaidie kwa Kiholanzi ukiwa upande wa mtu mzima.

Niseme na kuhusu uzito wa ushahidi, kwa sababu humu huwa tunasifia dawa kabla haijaiva. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 86 wa BPD kwa miaka mitatu: waliopona kabisa kwa tiba ya skima walikuwa 20 kati ya 44, na kwa tiba nyingine iliyolinganishwa nayo, inayojikita kwenye uhusiano wa mgonjwa na mtaalamu wake, 10 kati ya 42. Ni matokeo mazuri, lakini ni ya tiba ya skima nzima, si ya taswira peke yake. Taswira peke yake ililinganishwa na EMDR, tiba nyingine ya majeraha inayotumia mwendo wa macho, kwa watu 155 wenye majeraha ya utotoni katika utafiti wa mwaka 2020 uliofanyika Australia, Ujerumani na Uholanzi, vikao 12 vya dakika 90, na walioacha njiani hawakufika hata mmoja kati ya kumi, jambo lisilo la kawaida kwa tiba zinazogusa majeraha. Hao walikuwa na msongo wa baada ya kiwewe, yaani ule unaobaki baada ya tukio la kutisha, si lazima BPD.

Na ukitaka sauti za wagonjwa wenyewe, kuna mahojiano yaliyochapishwa mwaka 2018 na watu 36 wenye BPD kutoka nchi hizohizo tatu, waliokaa kwenye tiba ya skima angalau mwaka mmoja. Walisema kwamba mazoezi ya kuamsha hisia yaliwatikisa na yalikuwa magumu, lakini walipoangalia nyuma waliona yalihitajika. Kwangu mimi maneno hayo yana uzito kwa sababu hawakusema yalipendeza.

Onyo langu ni moja, kwa wanaosoma kimyakimya: tafadhali usilifanye zoezi hili peke yako chumbani kwa kufuata video. Mwenye BPD anaweza kuganda ndani ya kumbukumbu au kujitenga na mwili wake, na anahitaji mtu wa kumwita arudi, kumwambia akanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona. Anayejiumiza au anayewaza kujiua anahitaji kwanza mpango wa usalama na mtu wa kumpigia simu usiku. Na kama anayekuumiza bado mnaishi nyumba moja, shughulikieni hilo kwanza. Wapo pia ambao taswira haiwafai, nao wana njia nyingine, kama ile ya Marsha Linehan ya kujifunza stadi za kukabiliana na hisia, ambayo ilipimwa tangu mwaka 1991.

BintiPangani alirudi:

Asanteni sana, na shikamoo mzee wangu wa Ngamiani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza vikao viwili vipite.

Nilimtafsiria mtaalamu swali la mzee. Alikaa kimya, akaniomba nimweleze desturi hiyo ya kumtoroka mtoto, akaandika neno lenyewe kwenye daftari lake, herufi kwa herufi. Kisha akaniuliza kwa nini nadhani mtoto alikuwa anaviangalia viatu. Nilikuwa sijawahi kulifikiria, na jibu likanitoka lenyewe: kwa sababu mtu mzima amekuja, mtoto ameamkia, na hajaitikiwa. Unajua mtoto wa pwani akishasema "shikamoo" anasimama hapo anasubiri. Hawezi kuanza kulia kabla ya marahaba.

Basi nikamfundisha. Mholanzi na "marahaba" ni kazi. Tulicheka wote wawili, na nilifumba macho nikiwa bado nacheka, jambo ambalo sikulitegemea kabisa kwenye tiba ya namna hii.

Safari hii aliingia, mtoto akaamkia, akaitikiwa. Mtoto akainua uso. Hapo nikaendelea mwenyewe kwa Kiswahili, yeye akinisimamia kwa nyuma kwa Kiholanzi, taratibu, akiniuliza tu mtoto anahitaji nini sasa. Mtoto alimtaka mama. Nikamwita mama arudi kutoka kule njiani, na alikuja na begi lake la kijani ambalo nilikuwa nimelisahau, akachutama, akamwambia kwamba anakwenda mbali, kwamba ni siku nyingi sana, kwamba atakaa na bibi, na kwamba haendi kwa sababu ya kosa lolote. Mtoto alilia sana. Mimi nililia sana. Mama aliondoka vilevile. Hilo nalieleza kwa ajili yako, NesiWaZamu, maana ndipo nilipoelewa ulichosema: sikumzuia, na sikutamani kumzuia. Aliondoka kwa mlango wa mbele.

Jioni ile sikulala kwa muda wa saa 11. Nililala kwa muda wa saa nane. Siku ya pili nilimtukana mtu kazini bila sababu ya maana, nikamwomba radhi kabla ya chakula cha mchana, na kwangu hiyo ni rekodi. Kaka wa Kilindini, ile huzuni uliyoisema naiona inakuja, imeshafika mlangoni, na nimemweleza mtaalamu ili tujiandae.

Kwenye hatua ya tatu, niliporudi kuwa mtoto, mtaalamu aliniuliza kama kuna kitu kingine ninachohitaji. Nilidhani nitasema nikumbatiwe. Mtoto alifungua kiganja, akaitazama ile shilingi 20, akauliza kama dukani bado hawajafunga.